Filimbi za Akchopo

Katikati ya Januari, mkuu wa chekechea ya Akchopo aliandika kibali cha kuchoma vitu vya kuchezea vya mbao. Makaa ya mawe yalikuwa yamekwisha tangu mwaka mpya, na watoto ishirini na watatu walikuwa wakilala mchana wakiwa na makoti na kofia zao. Kibali kilipigwa mhuri, na mhuri ukapulizwa ukakauka. Farasi wenye magurudumu waliwaka siku mbili. Matofali ya kujengea nyumba, kwa kuwa yalikuwa yamepakwa rangi, yaliwaka siku tatu kwa moshi wa kijani uliowatoa watoto machozi. Meza na viti vya wanasesere viliisha asubuhi moja. Februari ilipoingia jiko lilikuwa limezimika tena, na watoto hawakuwa na cha kuchezea.

Msaidizi wa chekechea aliitwa Anarkan. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane, mjane, mwenye mikono mikubwa iliyopasukapasuka kwa sabuni. Hakuna aliyemwambia afanye lolote. Alianza mwenyewe, kwa sababu watoto waliokaa bure walikuwa wanaumana.

Kwanza alishona wanasesere wa soksi kuukuu, akawatia macho ya mbegu za alizeti. Halafu alikusanya vifupa vya vifundo vya miguu ya kondoo kutoka kwa majirani, akavichemsha pamoja na maganda ya vitunguu hadi vikawa vyekundu, akawafundisha watoto kuvirusha na kuvidaka. Vitu hivi vyote alivijua tangu utotoni. Hakuvikumbuka kwa kichwa. Vidole vyake ndivyo vilivyokumbuka, na yeye alivitazama tu vikifanya kazi.

Cha mwisho kilikuwa filimbi ya udongo. Wenyeji wa milima ile huiita choor. Zamani kila mtoto aliyechunga mbuzi alijifinyangia yake, akaipuliza msimu mzima, na ilipovunjika akafinyanga nyingine. Anarkan alikuwa ameziunda kwa mamia pamoja na shoga yake Sabira, walipokuwa wasichana wa miaka minane au tisa. Za Sabira zilipasuka motoni kila mara, akalia, na Anarkan akampa zake.

Anarkan alikwenda kuchimba udongo palepale walipokuwa wakichimba utotoni, chini ya genge, juu kidogo ya kijito. Siku zile palikuwa na genge peke yake. Sasa mgodi wa zebaki ulikuwa umemwaga mabaki yake pale kwa miaka arobaini, na mlima wa mchanga wa kijivu ulikuwa umelifunika genge hadi kiunoni. Mgodi wenyewe ulikuwa umefungwa tangu nchi kubwa iliyowatawala kutoka mbali ilipovunjika. Anarkan alichimba chini ya mabaki hayo. Udongo haukuwa mweupe kama wa zamani, lakini ulishikana vizuri.

Alifinyanga vipande vyenye ukubwa wa yai la bata, akavitoboa kwa kijiti, akakata njia ya pumzi kwa wembe na kuongeza matundu mawili ya vidole. Alivianika kivulini siku nne, kisha akavifukia kwenye majivu ya moto ya tanuri la mkate. Jumatatu akaenda navyo chekechea ndani ya sufuria.

Wa kwanza kupuliza alikuwa mjukuu wake, Meerim, mtoto wa miaka mitano. Filimbi haikulia. Ilikohoa. Ilikohoa mara mbili fupi, ikatulia, halafu ikakohoa mara moja ndefu yenye mvuto mwishoni, kama mtu anayeburuta sanduku sakafuni. Baada ya hapo ikasafisha koo.

Anarkan aliishika, akaitazama ndani. Njia ya pumzi ilikuwa imenyooka. Akamrudishia mtoto, naye akapuliza, ikakohoa vilevile.

“Babu anataka chai,” alisema Meerim.

“Mwambie yaja,” alisema Anarkan. “Na usipulize kwa nguvu, utamchosha.”

Marehemu mumewe, Toktosun, alikuwa ametoboa mwamba mgodini miaka ishirini na sita. Miaka mitano ya mwisho alilala akiwa ameketi, ameegemea ukuta. Alikuwa amekufa miaka miwili iliyopita, mwezi wa Oktoba, na cheti cha kifo kilisema moyo.

Zile filimbi nyingine za sufuriani zilikohoa pia, kila moja kwa namna yake. Moja ilikuwa na kikohozi kikavu cha haraka haraka. Moja ilianza kwa mluzi na kuishia kwa kutema. Jioni wazazi walipokuja kuwachukua watoto, mama mmoja alisimama mlangoni na kiatu cha mwanawe mkononi, akasikiliza, akasema huyo ni baba yake yeye mwenyewe, bila shaka ni baba yake. Akauliza kama anaweza kuichukua nyumbani. Anarkan alimwambia achukue, atafinyanga nyingine.

Mkuu wa chekechea, Bi Jipar, alilalamika kwamba kelele zitawazuia watoto kulala mchana. Ikawa kinyume. Watoto wa Akchopo walikuwa wamezaliwa kwenye nyumba ambamo mtu mzima alikohoa ng'ambo ya ukuta, na tangu wazee hao walipokwisha walikuwa wanalala kwa shida. Sasa Anarkan aliketi nyuma ya mlango akapuliza polepole, na dakika kumi hazikupita wote wakawa wamelala fofofo. Bi Jipar aliingiza jambo hilo kwenye ratiba, saa saba hadi saa saba na robo.

Wajane walianza kuja. Hakukuwa na njia ya kujua filimbi ipi ni ya nani mpaka ipulizwe, kwa hiyo Anarkan alizipanga kwenye sinia, nao wakapuliza moja baada ya nyingine, wakifuta midomo kwa pembe ya kitambaa cha kichwa, hadi kila mmoja akampata wake. Waliondoka wamezifunga kifuani ndani ya sweta. Ijumaa, walipokaanga maandazi ili harufu iwafikie marehemu, waliziweka karibu na karai, na moshi wa mafuta ulipopita kwenye matundu filimbi zilikohoa zenyewe, kama waume wenyewe walivyokuwa wakikohoa kila Ijumaa wakilalamika kwamba dirisha halikufunguliwa.

Mjane mmoja, Sonunbu, aliirudisha yake siku ya pili.

“Amenikohoa sikioni miaka kumi na moja,” alisema. “Mpe mwingine mwenye hamu naye.”

Anarkan aliipokea, akaiweka juu ya kabati. Siku ya kumi Sonunbu alirudi. Alisema nyumba imekuwa kimya mno, na paka haingii ndani. Akaichukua, akaondoka bila kuaga.

Kufikia mwisho wa Machi zilikuwa zimetoka filimbi arobaini na moja, na kuanzia ya arobaini na mbili zililia kama filimbi za kawaida. Ndipo watu wakafahamu kwamba hesabu ya marehemu imetimia.

Daktari Sabira alizisikia alipokuja chekechea kukagua chawa. Ndiye aliyekuwa daktari peke yake aliyebaki mjini. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa mshono wa hospitali. Alimaliza vichwa vyote ishirini na vitatu. Kisha, watoto walipolala mchana, akaketi kwenye kiti cha mtoto, akachukua ile filimbi ya Meerim, akaweka chombo chake cha kusikilizia kifua juu ya udongo, akamwomba Anarkan apulize. Alisikiliza mbele, akaigeuza, akasikiliza nyuma.

“Toktosun,” alisema.

“Ndiye.”

“Pafu la kulia lilikuwa limekuwa jiwe. La kushoto, nusu.”

“Kwenye cheti uliandika moyo.”

“Niliandika moyo,” alisema Sabira.

Alieleza yote akiwa ameketi palepale, magoti yakimfikia kidevuni. Siku zile mgodi ulikuwa unatoboa mwamba mkavu, bila maji, kwa sababu mabomba yaliganda majira ya baridi na kazi haikutakiwa kusimama. Vumbi liliingia vifuani. Ugonjwa wa vumbi ulikuwa na jina lake na fomu yake, lakini kutoka juu ilikuja amri kwamba Akchopo inaruhusiwa wagonjwa watano wa vumbi kwa mwaka. Watano. Kwa kawaida nafasi hizo zilijaa kabla ya Machi kwisha. Kuanzia wa sita, watu walikuwa wanakufa kwa moyo, arobaini na mmoja kwa jumla.

“Na Toktosun alikufa Oktoba,” alisema Anarkan.

“Alikufa Oktoba.”

“Lakini mgodi ulikuwa umeshafungwa, shoga yangu. Nani angekufanya nini?”

Sabira alikikunja chombo chake cha kusikilizia. Alisema hakuna. Alisema mkono ulikuwa umezoea.

Anarkan hakumfukuza, wala hakumkumbatia. Alimmiminia chai, wakainywa wote wawili bila kutazamana, na watoto walipoamka kila mmoja akaenda zake. Lakini siku iliyofuata Sabira alirudi na karatasi, na siku iliyofuata hiyo. Kwa majuma mawili alizunguka nyumba za wajane, akazipima filimbi zote kwa chombo chake, akaandika vyeti vipya arobaini na moja. Kila kimoja kilikuwa na jina, mwaka wa kuanza kazi, hali ya pafu la kulia, hali ya pafu la kushoto, na chini yake, kwa mwandiko ambao safari hii ulisomeka, neno vumbi.

Mwezi wa Mei ilikuja tume kutoka mji mkuu. Mgodi ulikuwa umepata wamiliki wapya, na kabla ya kuufungua ilipasa kuthibitishwa kwamba hakuna malalamiko ya zamani. Watu watatu waliketi nyuma ya meza yenye kitambaa chekundu katika Jumba la Utamaduni. Mwenyekiti alikuwa mtu mpole mwenye mafua. Aliwakaribisha akina mama kwa adabu, akawauliza kama wana viti vya kutosha.

Wajane walisimama kwa zamu, wakapuliza. Ukumbi ulijaa kikohozi cha wanaume arobaini na mmoja, kwa mpangilio wa alfabeti. Mwenyekiti alimwomba mmoja au wawili warudie, kwa kuwa masikio yake yalikuwa yamezibwa na mafua. Karani aliandika. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyesema kwamba jambo hilo haliwezekani. Mjumbe wa kushoto, ambaye baba yake alifanya kazi katika mgodi mwingine, alitazama chini muda wote.

Mwishoni Sabira alisimama na vyeti vyake. Alisoma vyote. Kisha akasema kwamba vile vya kwanza aliviandika yeye, kwa mkono wake, na vilikuwa vya uongo.

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta.

“Daktari, nisaidie,” alisema. “Kama wakati ule ulidanganya, sasa tukuamini kwa lipi? Na kama hukudanganya, basi ilikuwa moyo.”

Sabira alibaki amesimama. Akina mama walimtazama, wakisubiri, na Anarkan akaona shoga yake anatafuta jibu kama mtu anayetafuta ngazi gizani kwa mguu, na ngazi haipo. Baadaye akaketi. Mwenyekiti alimshukuru.

Barua ilifika baada ya mwezi mmoja, ikabandikwa kwenye mlango wa ofisi ya mji. Ilisema kwamba tume ilikagua filimbi za udongo arobaini na moja zilizotengenezwa kwa mikono, ikaziona ziko katika hali nzuri na zinafaa kwa watoto kuanzia miaka mitatu. Iliwapongeza wakazi wa Akchopo kwa kuhifadhi ufundi wa mababu. Kuhusu vifo, ilisema kumbukumbu za hospitali ziko wazi. Wajane waliisoma, wakawasomea wale wasio na miwani, wakarudi nyumbani kukanda unga.

Mgodi ukafunguliwa. Tangazo lilisema wanatakiwa watoboaji themanini, wenye afya, wenye cheti cha daktari. Wanaume waliokuwa wametawanyika Urusi walianza kurudi, mmoja mmoja na mabegi yao. Ularbek, mwana wa Anarkan na baba yake Meerim, alirudi mwishoni mwa Juni. Alikuwa amefanya kazi ya kuezeka mapaa huko Siberia, akija nyumbani kwa juma moja tu mwezi wa Februari, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimekufa kwa baridi. Alikaa siku nne akinywa chai na kutazama ukuta. Siku ya tano alikwenda kupimwa.

Alirudi mapema. Mkewe, Aisulu, alimwuliza kulikoni, naye akaenda kunawa. Alimjibu mama yake, baadaye, uani. Alisema Daktari Sabira amemwekea picha ya kifua kwenye dirisha, akamwonyesha kovu lililobaki tangu alipougua mapafu akiwa na miaka tisa. Amesema hawezi kumwandikia cheti. Amesema kwa kifua kile, vumbi halitamwachia miaka kumi, litamwachia minne.

“Basi usiende,” alisema Anarkan.

“Niende wapi, mama?”

Ularbek alionyesha ua wote kwa mkono. Palikuwa na kuku watatu, na kamba ya kuanikia nguo. Anarkan alitazama vyote, pamoja na mkono wenye vidole vilivyokufa, na mkwewe aliyekuwa akifua huku tumbo limeshaanza kuonekana. Hapakuwa na kingine cha kutazama. Siberia hawakumtaka tena. Mjini hakukuwa na kazi nyingine hata moja. Hata chekechea ilikuwa imeambiwa kwamba kuanzia Septemba itahudumia watoto wa wafanyakazi wa mgodi peke yao.

Asubuhi iliyofuata Anarkan alivaa kitambaa chake cha heshima, akaenda zahanati. Wanaume walikuwa wamepanga foleni hadi barabarani, wakitaniana kama siku ya harusi, na walipomwona wakampisha. Sabira alikuwa peke yake chumbani, anaosha mikono. Picha ya kifua cha Ularbek bado ilikuwa imebandikwa dirishani, na mwanga wa jua ulipita kati ya mbavu zake.

“Najua ulichokuja kusema,” alisema Sabira. “Umekuja kushukuru. Usinishukuru. Ni mmoja tu. Wale wote huko nje ni wazima, na nitawaandikia.”

“Sikuja kushukuru,” alisema Anarkan.

Aliketi. Nje mtu alisema jambo, wengine wakacheka.

“Mwandikie mzima.”

Sabira alikausha kidole kimoja kimoja. Alisema, kwa sauti ya chini, kwamba uongo ameuandika maisha yake yote na alikuwa ameapa hatauandika tena. Alisema hakutegemea kabisa kwamba Anarkan ndiye angemwomba.

“Nimembeba mume wangu kwenye sinia mpaka mbele ya tume,” alisema Anarkan. “Unajua kwamba najua. Sitakuja kukuuliza baadaye kwa nini uliandika. Mwandikie, Sabira. Mtoto wa pili anazaliwa Novemba.”

“Unaniomba nimuue.”

“Nakuomba umwandikie.”

Sabira aliitoa picha dirishani, akaiingiza kwenye bahasha. Alivuta fomu. Aliandika jina, mwaka wa kuzaliwa, uzito, urefu. Mahali pa mapafu aliandika safi, chini akaandika mzima, akatia sahihi. Kisha akamsogezea shoga yake karatasi, akainuka na kwenda kumwita wa kwanza kwenye foleni.

Ularbek aliingia mgodini Jumatatu, na zamu ya kwanza. Wamiliki wapya walikuwa wameleta mashine mpya, za rangi ya chungwa, zenye kelele kidogo kuliko zile za zamani. Pampu ya maji ilikuwa kwenye mpango wa mwaka wa pili. Jioni alirudi mweupe hadi kwenye kope, akala sana, akacheka na binti yake kwa mara ya kwanza tangu arudi. Anarkan alilowesha shati lake kwenye beseni, na maji yakawa kama maziwa. Aliyamwaga, akatia mengine, yakawa kama maziwa.

Jumapili, baada ya chai ya asubuhi, wanawake vijana sita walikuja uani kwake. Kila mmoja alikuwa na bonge la udongo ndani ya kitambaa kibichi. Waume zao wote walikuwa wameajiriwa juma lile. Walisalimu kama inavyopasa, wakauliza habari za miguu yake, wakasifu kuku. Halafu mkubwa wao akasema kwamba wamekuja kujifunza, kama mama ana nafasi. Wasingependa kuja kumsumbua baadaye, yeye akiwa amezeeka na wao wakiwa hawajui hata kushika kijiti. Afadhali mtu ajue mapema.

Anarkan aliona ni maneno ya busara. Alitandika turubai chini, akaleta maji, wembe na vijiti. Aisulu alitoka ndani akiwa tayari amekunja mikono ya gauni, akaketi pembeni, akapewa bonge.

Walifanya kazi hadi adhuhuri. Anarkan alipita nyuma yao akirekebisha: huyu amekanda kidogo mno, yule ameacha ukuta mnene. Walizungumza habari za bei ya unga, na dada wa mmoja wao aliyeolewa mjini Osh. Alipofika kwa mkwewe aliinama, akaichukua ile filimbi mbichi, akaiangalia kwa jua.

“Njia ya pumzi umeiacha pana,” alisema, akamrudishia. “Ifanye nyembamba. Ularbek hana pumzi nyingi.”

Aisulu alichukua kibonge kidogo cha udongo, akaziba, akaanza kukata upya.